Jinsi ya kupiga picha nyota pacha ukiwa karibu na Ikweta: mwongozo kamili, kuanzia Alpha Centauri mpaka Sirius B

Wakuu, kuna watu kibao wana darubini nyumbani, waliangalia mwezi, wakaona pete za Zohali, baada ya hapo darubini ikapanda juu ya kabati. Ukiwauliza wanakwambia mjini taa nyingi, galaksi hazionekani, kamera za maana bei mbaya. Ni kweli, ila nyota pacha hazina ugomvi na taa za mjini. Zinang'aa vya kutosha, unazipiga ukiwa Kinondoni au Eastleigh katikati ya mataa yote yale, mwezi mpevu ukiwepo pia haina shida, na darubini ndogo ya milimita 70 inakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba picha ya nyota pacha inapimika. Ukishapiga unatoa namba mbili, umbali kati ya nyota na upande ambao mwenzake yuko, ukirudia mwaka ujao na mwaka unaofuata unaona kwa macho yako nyota zinazungukana.

Hii ya kupima picha wala siyo mpya. Nyota pacha ya kwanza kupigwa picha ilikuwa Mizar, mwaka 1857 huko Harvard, Marekani, na mwanaanga George Bond akazipima nyota zile kwenye bamba la kioo (ndo ilikuwa filamu ya enzi hizo). Leo simu yako inaona zaidi ya lile bamba.

Tuelewane kwanza. Nyota pacha ni nyota mbili (au zaidi) zilizoshikwa na mvutano, zinazunguka kitovu kimoja. Kuna zingine zinaonekana zimekaribiana kwa sababu tu ziko mstari mmoja ukiangalia kutoka duniani, kumbe moja iko mbali nyuma ya mwenzake. Kwa kupiga picha zote zinafaa, kwa kupima mwendo tunataka zile za kweli. Umbali wao angani tunaupima kwa pembe: digrii moja ina dakika 60, dakika moja ina sekunde 60, kwa hiyo nikiandika "sekunde 8" hapa chini mara nyingi namaanisha sekunde za pembe siyo za saa. Mng'ao tunaupima kwa magnitudo, namba ikiwa ndogo nyota ndo kali zaidi, na tofauti ya magnitudo 5 ni mara 100 za mwanga.

Hatua ya 1: Chagua nyota kwa msimu na kwa darubini yako

Anza na Alpha Centauri, ama Rijili Kantori. Hakuna nyingine ya kuanzia iliyo bora kuliko hii, na wenzetu wa Ulaya hawaioni kabisa. Ni ile kali zaidi kati ya nyota mbili zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Kwa macho ni nyota moja, kwenye darubini zinatoka mbili za rangi ya njano, moja magnitudo 0 na nyingine 1.3. Ziko miaka ya mwanga kama 4.4 tu kutoka kwetu na zinazungukana kwa miaka 80 hivi. Mwaka 2016 zilikuwa zimebanana, kama sekunde 4 tu, tangu hapo zinaachana na miaka hii zimefika zaidi ya mara mbili ya pale, kwa hiyo ukianza kuzipiga sasa kila mwaka utaona tofauti kwenye vipimo vyako. Muda wake ni kuanzia Aprili mpaka Agosti jioni. Ukiwa Dar inapanda mpaka digrii 36 upande wa kusini, Nairobi digrii 30, Mbeya 38, Lubumbashi kama 41. Nzuri zaidi ni kwamba Juni mpaka Agosti ndo kiangazi kwa sehemu kubwa ya Tanzania, mawingu yanapungua.

Jirani yake kuna Acrux, nyota ya chini kabisa kwenye Msalaba, sekunde 4 hivi, zote mbili kali na nyeupe zinazoelekea bluu. Hii ni kipimo kizuri cha fokasi yako.

Aprili mpaka Juni angalia pia Porrima kwenye kundi la Mashuke, iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta ya anga (Ikweta ya dunia ukiirefusha mpaka angani) kwa hiyo inapita karibu na utosini kwetu. Nyota mbili za magnitudo 3.5 zinazofanana, zilikaribiana sana mwaka 2005 na sasa zimeachana mpaka sekunde 3 na kitu, mzunguko wao miaka 169. Algieba ya kundi la Simba nayo nzuri, sekunde 4.7, rangi ya machungwa na njano, Machi mpaka Mei.

Julai mpaka Septemba kuna Albireo upande wa kaskazini, dhahabu na bluu, sekunde 34, hata darubini ya kitoto inaigawa. Wataalamu bado wanabishana kama kweli zinazungukana, ila kwa rangi hakuna ya kuifikia, mwonyeshe picha yake mtu ambaye hajawahi kupenda anga uone atakavyofanya.

Desemba mpaka Machi ndo uwanja wetu. Rigel, Sirius na Beta Monocerotis zote zinapita juu juu. Beta Monocerotis ni nyota tatu kwenye picha moja, moja sekunde 7 kutoka kwa nyingine mbili zilizobanana sekunde 3, mwanaanga William Herschel aliziona mwaka 1781 akazihesabu kati ya vitu vizuri zaidi angani na mimi nakubaliana naye. Rigel na Sirius nitazirudia mwisho kwa sababu zina ugumu wao.

Kujua darubini yako inaweza kugawa mpaka wapi, chukua 116 ugawe kwa kipenyo cha kioo chako kwa milimita. Darubini ya 70 inakupa sekunde 1.7, ya 127 inakupa 0.9, ya 200 inakupa 0.6 hivi. Hiyo ni kwa nyota zenye mng'ao unaofanana na hewa ikiwa imetulia. Kwa kuanza usiende chini ya mara mbili ya hiyo namba.

Hatua ya 2: Vifaa

Simu inatosha kuanzia, nasema hivi kwa kumaanisha. Nunua kile kishikizo cha kufunga simu kwenye lenzi ya jicho ya darubini, weka lenzi ya milimita 10 au 6, fungua video. Bonyeza skrini kwa muda mrefu mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu shusha mwanga mpaka nyota ziache kuvimba. Simu nyingi sasa zina sehemu ya mipangilio ya mkono, hapo weka kasi ya shata 1/60 mpaka 1/250 na ISO uanze na ya chini. Usitumie zumu ya kidijitali. Alpha Centauri, Acrux na Albireo zote zinakubali kwa njia hii.

Ukitaka kupima kwa umakini tafuta kamera ndogo ya sayari, zile za kuchomeka USB kwenye laptopu zinazokaa kwenye tundu la lenzi ya jicho. Nyeusi na nyeupe ni bora kwa kupima kwa sababu kila pikseli inafanya kazi, ya rangi ni bora kama unataka kuonyesha watu Albireo. DSLR nayo inafaa kama ina video ya kukata kipande cha katikati ya sensa bila kupunguza pikseli.

Kwenye standi ndo kuna mambo ambayo mwongozo wa nje hautakwambia. Standi za ikweta (zile zenye mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga ili zifuate nyota) nyingi zimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, mhimili wake unatakiwa uinamishwe sawa na latitudo yako, sasa Dar ni digrii 7 na Nairobi ni digrii 1 na kitu, nyingi hazishuki mpaka huko na uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa traipodi. Halafu ile Nyota ya Kaskazini wanayoitumia kuelekeza iko chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini ya anga iko chini chini kwenye miti na nyumba za majirani. Usihangaike. Kwa kazi hii tunatumia eksposha za sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo hauhitaji kuelekeza standi kwa usahihi mkubwa. Ukiwa na standi ya ikweta, nyanyua mguu mmoja kwa tofali au kipande cha mbao ili kuongeza mwinamo (hakikisha haitapinduka, weka mzigo mzito katikati ya traipodi), elekeza kusini kwa dira, basi. Ukiwa na standi ya kupanda na kuzunguka yenye mota ni sawa kabisa, picha inazunguka kidogo lakini kwa Alpha Centauri ni chini ya nusu digrii kwa dakika, na video yetu ni ya dakika moja au pungufu. Hata Dobson (darubini ya vioo inayokaa kwenye boksi unalolisukuma kwa mkono) isiyo na mota inawezekana, unaacha nyota ipite kwenye sensa unarekodi, unaisogeza, unarekodi tena.

Shida moja tu ya Dobson na standi za kupanda na kuzunguka ni utosini. Nyota ikiwa juu kabisa ya kichwa standi inatakiwa izunguke kwa kasi ya ajabu kuifuata, na picha inazunguka haraka. Rigel kwa mtu wa Dar inapita digrii moja na nusu tu kutoka utosini, kwa hiyo piga saa moja na nusu kabla haijafika juu au baada ya kuvuka. Hapo bado iko digrii 60 na kitu, hewa ni nyembamba, na kwa sisi wa huku nyota ya namna hiyo inapanda karibu wima kutoka mashariki kwa hiyo picha haizunguki hata kidogo cha kukusumbua.

Hatua ya 3: Hesabu ya pikseli

Usiruke hii. Chukua 206.265, zidisha kwa ukubwa wa pikseli kwa maikromita, gawa kwa urefu wa fokasi ya darubini kwa milimita. Mfano kamera yenye pikseli za 2.9 kwenye Maksutov (darubini ya bomba fupi yenye kioo na lenzi) ya 127 yenye fokasi ya 1500: inatoka 0.4, yaani kila pikseli moja ni sekunde 0.4 za angani. Nyota zilizoachana sekunde 8 zitakaa pikseli 20, hapo raha kabisa. Nyota za sekunde 3 zitakaa pikseli 7 na kitu, zinaonekana ila kupima kunaanza kuwa kugumu, weka lenzi ya Barlow (ya kukuza picha) ya mara 2 zinakuwa 15. Ninapenda niwe na pikseli kama 4 ndani ya uwezo wa kugawa wa darubini. Ukizidisha sana nyota zinakuwa mabonge hafifu unalazimika kurefusha eksposha, na eksposha ndefu ndo adui yetu.

Hatua ya 4: Kabla ya giza

Toa darubini nje saa moja kabla. Kioo chenye joto la ndani kinatengeneza mawimbi ndani ya bomba na hakuna programu itakayokusaidia. Kaa kwenye nyasi au udongo, siyo kwenye zege lililochomwa na jua mchana kutwa, na usielekeze darubini juu ya bati la jirani, lile bati linapumua joto mpaka saa nne usiku. Pwani umande ni mkali, tengeneza kola ndefu ya karatasi ngumu au godoro jembamba la mazoezi izunguke mdomo wa darubini.

Kama unatumia darubini ya vioo hakikisha vioo vimepangika. Toa nyota kali nje ya fokasi kidogo, uone duara zenye kitovu kimoja. Zikiwa zimeegemea upande mmoja panga skrubu za kioo mpaka zikae katikati, maana mkia wa nyota kubwa ukielekea upande wa nyota ndogo unaweza kuimeza au kukudanganya.

Hatua ya 5: Fokasi

Kata maski ya Bahtinov kwenye boksi, michoro yake ipo bure mtandaoni unaingiza kipenyo na urefu wa fokasi inakuchorea. Unaiweka mbele ya darubini, nyota inatoa miale mitatu, ule wa katikati ukikaa katikati kabisa ya X umefika. TOA MASKI kabla ya kurekodi. Rudia kila nusu saa kwa sababu usiku ukipoa bomba linasinyaa na fokasi inahama.

Hatua ya 6: Kurekodi

Hapa ndo penye siri yenyewe. Hewa juu yetu haitulii, ni kama kuangalia shilingi chini ya ndoo ya maji yanayotikiswa, ukipiga picha moja ya sekunde 2 unapata bonge la ukungu. Lakini katika maelfu ya fremu fupi fupi kuna chache ambazo hewa ilitulia kwa bahati, nyota zimekaa kama vitone safi. Sisi tunarekodi maelfu, tunachagua zile chache, tunazipandanisha.

Programu za FireCapture na SharpCap zote zinafanya kazi hii. Weka nyota katikati, kisha punguza eneo la sensa linalosomwa liwe dogo, 640 kwa 480 au hata 320 kwa 240, kwa sababu eneo dogo linakupa fremu nyingi kwa sekunde. Eksposha anza na milisekunde 5 kwa Alpha Centauri, kwa nyota za magnitudo 3 au 4 nenda 10 mpaka 30. Panda au shuka na geini (kiasi kamera inavyokuza mwanga) mpaka kilele cha histogramu (ile grafu ya mwanga) kifike asilimia 60 au 70. Nyota kubwa ikifika asilimia 100 imeungua, kitovu chake hakipimiki tena. Wengi hapa wanang'arisha picha kwa sababu skrini inaonekana giza, acha iwe giza, nyota ndo unazitaka.

Hifadhi kwa SER, ni faili ambalo halibani picha na linaandika muda wa kila fremu, muda huo tutauhitaji. Rekodi fremu 2000 mpaka 5000, rudia video tano au zaidi kwa kila jozi kwa sababu tofauti kati ya video ndo itakwambia kipimo chako kinaaminika kiasi gani. Saa ya laptopu iwe imesawazishwa na mtandao.

Filta nyekundu inasaidia sana usiku wenye hewa mbaya, mwanga mwekundu unatikisika kidogo kuliko wa bluu. Kwa nyota za chini kama Alpha Centauri kuna na jambo lingine, hewa inatawanya rangi, bluu inakaa juu na nyekundu chini, nyota inakuwa kijiti kifupi cha rangi. Filta yoyote ya rangi moja, hata ya kijani, inamaliza hilo tatizo.

Hatua ya 7: Video ya kuachia nyota ipite

Usifunge vifaa bado. Bila kugusa kamera wala kuizungusha, rudisha eneo la sensa liwe pana, peleka nyota ukingo wa upande wa mashariki, anza kurekodi, ZIMA MOTA. Dunia inazunguka, nyota inasafiri yenyewe kwenye picha kuelekea magharibi. Hii video moja inakupa vitu viwili kwa mpigo: mwelekeo wa magharibi kwenye picha yako, na ukubwa halisi wa pikseli bila kuamini kilichoandikwa kwenye boksi la darubini (Maksutov hasa, urefu wake wa fokasi unabadilika ukisogeza kioo).

Hesabu yake ni hivi. Nyota iliyo kwenye Ikweta ya anga inatembea sekunde 15.04 za pembe kila sekunde ya saa, nyingine unazidisha kwa kosaini ya deklinesheni yake (digrii zake kaskazini au kusini mwa Ikweta ya anga). Rigel iko digrii 8.2 kusini, kosaini yake 0.99, inatembea 14.9. Ikitembea sekunde 20 imekata sekunde za pembe 298, ukikuta imepita pikseli 745 basi pikseli moja ni 0.40. Alpha Centauri iko digrii 60.8 kusini, mwendo wake ni 7.3 tu, kwa hiyo iachie muda mrefu zaidi. Rudia mara kadhaa uchukue wastani. Wenye standi ya kupanda na kuzunguka, fanya kwa nyota ile ile unayoipima na mara tu baada ya video zako, kwa sababu mwelekeo unahama jinsi usiku unavyokwenda.

Hatua ya 8: Kuchagua na kustaki (kupandanisha fremu)

Programu ya AutoStakkert ni ya bure na inatosha. Fungua SER, chagua namna ya sayari, iache ipange fremu kwa ubora, kisha weka kisanduku kimoja tu kikubwa kinachozunguka nyota zote mbili. Ukiweka visanduku viwili kila nyota itasawazishwa peke yake na umbali kati yao unaweza kubadilika, hapo umeharibu kipimo. Staki asilimia 5 au 10 bora, hewa ikiwa nzuri sana 20. Siril nayo iko bure na ina namna ya kupanga fremu kwa kufuata nyota moja. Video ya simu ibadilishe kwanza na programu ya PIPP iwe SER au AVI.

Kunoa picha kwa programu ya RegiStax ni sawa kwa ile ya kuonyesha watu, lakini kipimo kichukulie kwenye picha ambayo haijanolewa. Kunoa kunazua duara za uongo kuzunguka nyota, na kipande cha duara kikiangukia kwenye nyota ndogo kinaivuta pembeni.

Hatua ya 9: Kupima

Kuna programu inaitwa Reduc, ya Florent Losse wa Ufaransa, imetengenezwa kwa nyota pacha tu, unaipa ukubwa wa pikseli na mwelekeo inakufanyia yote. Ila fanya kwa mkono walau mara moja uelewe. Kwa programu ya AstroImageJ bonyeza nyota moja moja upate kitovu chake, x na y. Toa x kwa x, y kwa y, kila tofauti izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa ukubwa wa pikseli. Huo ndo umbali.

Pembe tunaihesabu kutoka kaskazini kupitia mashariki, ukisimama kwenye nyota kubwa ukiitazama ndogo. Unajua magharibi ni wapi kutokana na ile video. Kwa picha isiyogeuzwa na kioo, pima pembe kutoka mwelekeo wa magharibi kwenda kwenye nyota ndogo ukizunguka kinyume cha saa, ongeza 270, ikizidi 360 toa 360. Kama ulitumia kile kioo cha kukunja njia ya mwanga picha imegeuka kama ya kwenye kioo cha ukutani, hapo zunguka upande wa saa. Namba za y kwenye programu nyingi zinaanzia juu kwenda chini, angalia hilo, linageuza pembe yote.

Jipime kwanza kwa Rigel: umbali sekunde 9.5 hivi na pembe karibu digrii 204, hazijabadilika kiasi cha kusumbua kwa miaka mingi. Ukipata karibu na hapo njia yako iko sawa, sasa unaweza kuamini unachokipata kwa Alpha Centauri na Porrima. Vipimo vya zamani vya karibu kila jozi vipo kwenye Washington Double Star Catalog ya kituo cha anga cha jeshi la majini la Marekani, jozi zaidi ya 150,000, na nyingi hazijapimwa siku nyingi. Andika tarehe kwa mwaka wenye desimali (tarehe 18 Juni 2025 ni 2025.46), darubini, kamera, filta, idadi ya video, wastani na mtawanyiko wake. Kuna jarida la Journal of Double Star Observations linapokea vipimo vya watu wa kawaida kama sisi. Sisi tunaokaa huku chini tunaona jozi za kusini ambazo wapimaji wa Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani hawazifikii, hilo ni pengo ambalo mtu mwenye darubini ya milimita 127 Dodoma au Kampala anaweza kulijaza.

Hatua ya 10: Rigel, halafu Sirius B

Hapa shida siyo umbali, ni mng'ao. Rigel ina magnitudo 0.1 na mwenzake 6.8, tofauti ya karibu mara 500, yule mdogo anazama kwenye mwanga wa mkubwa. Piga video mbili: moja fupi ambayo Rigel haijaungua, nyingine ndefu zaidi, milisekunde 50 mpaka 100, Rigel iungue lakini mdogo atokee. Rekodi kwa biti 16 siyo 8, vinginevyo mwanga wa mdogo unapotea kwenye mahesabu. Ukimpata kwa urahisi usiku tofauti tofauti, uko tayari kwa Sirius.

Sirius, ama Shira, nyota kali kuliko zote za usiku. Mwaka 1844 mwanaanga Friedrich Bessel aliona inayumba njiani akasema ina mwenza asiyeonekana, na tarehe 31 Januari 1862 Alvan Graham Clark akamuona huko Marekani akijaribu lenzi mpya ya inchi 18.5. Ni kibete cheupe (kiini kidogo kilichobaki cha nyota iliyokufa) cha magnitudo 8.4, hafifu karibu mara elfu kumi kuliko mkubwa wake. Wanazungukana kwa miaka 50, na bahati yetu ni kwamba miaka hii wameachana karibu na upeo wa mwisho, takriban sekunde 11. Baada ya hapa wanarudi kubanana, kwa hiyo usiahirishe sana. Halafu Sirius kwa mtu wa Dar inapita digrii 10 tu kutoka utosini wakati Uingereza inatambaa juu ya nyumba, yaani kwa nyota hii sisi tuna anga bora kuliko wao. Januari na Februari, kati ya vuli na masika, ndo dirisha lenyewe.

Darubini ya 150 kwenda juu inatakiwa kwa uhakika. Kata boksi tundu la pembe sita, kubwa kadri kipenyo kinavyoruhusu, liweke mbele ya darubini. Mwanga wa Sirius utatoka kwenye miale sita na katikati ya miale kunabaki giza, zungusha boksi mpaka eneo la mashariki kuelekea kaskazini mashariki liwe kwenye giza, kwa sababu huko ndo B yuko. Darubini za Newton (za vioo) zina miale ya zile nondo za kushikilia kioo kidogo, izungushe bomba kama inawezekana. Filta nyekundu, eksposha za milisekunde 100 mpaka 500, biti 16, na chagua fremu kwa ukali, asilimia 5 tu.

Ukiona kitone usishangilie kwanza. Zungusha kamera digrii 90 urekodi tena, kikizunguka pamoja na kamera ni mng'ao wa ndani ya vioo, kikibaki upande ule ule wa anga endelea. Kisha zima mota: B yuko mashariki mwa Sirius, kwa hiyo nyota ikipita kwenye picha Sirius inatangulia na kitone lazima kifuate nyuma. Pima umbali wake, ukipata sekunde 6 au 17 siyo chenyewe. Rudia usiku mwingine boksi likiwa limezungushwa tofauti kidogo, kitone kikiwa pale pale kwa umbali ule ule na pembe ile ile, ni Sirius B.